Kadi Ilipokufa: Seva ya Chama na Sauti ya Babu

Najua wengi wenu mkiona neno "seva" mnageuza ukurasa kutafuta mapishi. Nivumilieni kidogo, maana habari hii si ya kompyuta peke yake.

Tangu 2016 chama chetu kimekuwa kikiwarekodi wazee wa Afrika Mashariki wanaoishi hapa mjini, wa Unguja, wa Mombasa, wa Bujumbura, wakieleza walivyofika Uingereza na walivyoanza maisha. Sauti zote zilikaa kwenye seva moja, chini ya ngazi, katika chumba cha chama. Mwaka 2022 nikachaguliwa kuisimamia kwa sababu mbili tu: nasoma uhandisi, na sijui kukataa kazi.

Januari 2023 mmoja wa wazee hao akafariki. Sote tulimwita Babu. Binti yake akanipigia simu. Baada ya shikamoo na pole akasema, "Mwanangu, nasikia mna sauti ya baba. Naomba tuipate kabla ya hitma ya arobaini, wajukuu wamsikie." Nikamjibu haraka, "Usijali mama, kesho utaipata."

Kesho yake nikaikuta seva imezimika. Nilipoiwasha, haikuona diski hata moja.

Hapa nieleze kidogo. Seva ilikuwa na diski 4, kila moja ya terabaiti 4, zimeunganishwa kwa RAID, mpango ulioelezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tuseme diski tatu zimeandikwa 5, 3 na 2, na ya nne imeandikwa jumla yake, 10. Ikifa ile yenye 3, unatoa 5 na 2 kwenye 10, unaipata tena. Mashine ina hesabu ya namna yake, na jumla hizo huzitawanya kwenye diski zote, lakini maana ni hiyo hiyo. Diski moja ikifa, hakuna kilio.

Swali ni nani apige hesabu hiyo. Inaweza kuwa kadi maalumu yenye prosesa na kumbukumbu yake, au programu ndani ya kompyuta yenyewe. Waliotutangulia walinunua kadi, tena ya bei. Na kilichokufa kilikuwa hiyo kadi. Diski zote nne zilikuwa nzima. Nikazipeleka kwenye kompyuta nyingine, ikaona diski tupu, kwa sababu kadi ile ilikuwa imepanga data kwa utaratibu wa kiwanda chake. Bila kadi ya namna ile ile, hazisomeki. Nyumba imesimama, ufunguo ndio umevunjika.

Nikampigia kaka aliyeinunua, ambaye sasa yuko kazini Muscat. "Mdogo wangu," akaniambia, "ile haitengenezwi tena. Tafuta ya mtumba." Ya kwanza niliyoagiza ikaja ya namna nyingine. Ya pili ikafika wiki ya saba. Nikaichomeka, ikazitambua diski, sauti zikarudi zote. Lakini arobaini ilikuwa imeshapita.

Nikiri na makosa yangu. Seva ile ilikuwa ikilia pii pii tangu Novemba, nami nikajifanya sisikii. Kubwa zaidi, hatukuwa na nakala mahali pengine. Jamani, RAID si nakala ya akiba! Ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID itaifuta kwa uaminifu kwenye diski zote.

Machi tukafanya kikao. Rafiki yangu wa Eldoret, anayesomea udaktari wa falsafa katika kompyuta, akaitetea kadi. "Acheni kuionea," alisema. Kadi nzuri ina betri inayolinda data ambazo bado hazijaandikwa umeme ukikatika. Diski ikifa, taa inawaka, na mtu yeyote anaichomoa na kuweka mpya. Kwa benki yenye maelfu ya maandishi kila sekunde na mkataba wa matengenezo, yeye angenunua kadi. Na ni kweli tupu.

Lakini sisi si benki. Mtandao unaofika chumbani kwetu ni wa gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 125 ukizidi sana, na diski nne zikisomwa pamoja zinapita hapo. Kasi ya ziada tungeipeleka wapi? Tena prosesa za siku hizi hesabu hizo hazizihisi hata kidogo.

Kilichoamua mambo ni sisi wenyewe. Chama cha wanafunzi ni kama stendi ya basi: miaka mitatu, mtu kahitimu, kaondoka na ujuzi wake. Tukachagua RAID ya programu, mdadm ya Linux, kiwango cha 6. Nafasi imeshuka kutoka terabaiti 12 hadi 8, lakini hata diski mbili zikifa hatupotezi kitu. Na maelezo ya mpangilio yameandikwa kwenye diski zenyewe, Linux yoyote yenye programu hiyo inayasoma. Tukaijaribu. Tukahamishia diski kwenye kompyuta kuukuu, na mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, anayesoma sheria, akafuata karatasi tuliyobandika ukutani. Dakika chache tu, sauti zikafunguka.

Programu nayo ina udhaifu wake: umeme ukikatika katikati ya kuandika, hesabu zinaweza kuachwa hazilingani. Kwa hiyo tumenunua betri ya akiba, seva ipate muda wa kuzimwa vizuri. Na nakala nyingine inakaa nje ya chuo, na kila familia imepewa yake.

Mama yule hakunilaumu. Nilipompelekea sauti aliiweka pale pale kwenye gari. Babu anasimulia baridi ya siku yake ya kwanza, kisha anakatiza: "Mashine inanasa hiyo?" Nasi tunasikika tukijibu, "Inanasa, Babu." Mama akacheka huku machozi yakimtoka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kunasa ilinasa kweli. Basi ninyi mnaotunza mambo ya vyama vyenu, kabla ya kubishana kadi au programu, ulizaneni kwanza: sisi tukishaondoka, nani ataweza kufungua?

Wasalaam.