Maji ya Ziwa Turkana

Siku ya tatu tangu tuondoke Mombasa, baada ya kuvuka nyika ya mawe meusi ya volkano, tuliliona Ziwa Turkana, kijani kibichi. Mama watoto akasema, "Alhamdulillahi, maji!" Dereva akacheka.

Maji yapo. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 250, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Uhabeshi. Lakini halina mto wa kutokea. Jua ndilo linaloyapunguza, na chumvi na magadi hubaki. Tuliyateka kwa viganja, tukaonja, tukatema. Kutawadha tulitawadha, kwani maji yaliyobadilika kwa asili ya mahali pake hayatoki katika tohara. Ngozi ikateleza kana kwamba tumepaka sabuni. Upepo ulikuwa mkali mno, mkeka tukaukalia kwa mawe pembeni, tukaelekea kaskazini, kibla ileile ya kwetu Pwani, ziwa likiwa kushotoni.

Mjini Loiyangalani zipo chemchemi za maji baridi. Tulipofika kijiji cha Waelmolo, kaskazini yake, tulimkuta mama mmoja akiteka maji ya ziwa. Meno ya mwanawe yalikuwa na rangi ya kahawia, athari ya floridi iliyomo majini. Akatuuliza:

"Na bahari yenu, yanyweka?"

"Hainyweki, mama."

"Basi nanyi ni kama sisi."

Garini tulikuwa tumebakiza dumu moja la safari. Mama watoto akalishusha, akalimimina katika ndoo ya yule mama, wala hakutuuliza.