Mfereji Ule Ulikuwa wa Nani?



Mvua zilipoufurisha mfereji ulio nyuma ya parokia yetu mjini Lubumbashi, maji yakaingia katika nyumba za wajane wawili. Sisi vijana tulisimama kando tukilaumu: «Kinshasa imetusahau.» Baba mmoja wa chama chetu alitusikiliza kwa uvumilivu, kisha akauliza: «Wanangu, mfereji huu ni wa nani?» Tukanyamaza, kwa maana hatukujua.

Jumapili iliyofuata alituletea Katiba, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 baada ya raia kuikubali kwa kura. Kwamba Rais wa Jamhuri huchaguliwa kwa miaka 5 na muhula wake hurudiwa mara moja tu. Kwamba Waziri Mkuu huongoza serikali inayowajibika mbele ya Bunge la Taifa. Kwamba waamuzi hawapaswi kuamriwa na yeyote: hayo tuliyasikia shuleni. Tusilolijua ni kwamba mamlaka hayakuachwa Kinshasa peke yake. Majimbo, yaliyokuwa 11, tangu mwaka 2015 ni 26; Katanga ya zamani imezaa manne. Kila jimbo lina bunge lake, na wabunge wake ndio wanaomchagua gavana na maseneta. Chini ya jimbo iko miji, komine, sekta na usultani, kila kimoja na kazi zake. Mifereji ya mtaa ni kazi ya komine, na ofisi yake tuliipita kila siku.

Tulisoma pia kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yapaswa kubaki humo. Lakini nani atadai haki asiyoijua?

Hapo aibu ikatushika. Katika uchaguzi wa mwaka 2018, wengi wetu tulipokea fulana na franka chache kutoka kwa mgombea wa bunge la jimbo. Tuliuza sauti ambayo ndiyo ilipaswa kumchagua gavana kwa niaba yetu, kisha tukashangaa kwamba hakuna anayetusikiliza.

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii, komine za miji mikuu ya majimbo zilichagua washauri wao. Tuliwaendea wagombea na swali moja tu: mtafanya nini juu ya mfereji? Aliyetupa fulana tulimrudishia. Wengine wetu walitucheka, na hatuwalaumu, kwani njaa ni kweli.

Mfereji bado haujajengwa. Kila Jumamosi tunauzibua kwa majembe, na barua yetu tumeipeleka komine, si Kinshasa.

Kwa tafakari ya kikundi: Mbunge wenu wa jimbo ni nani? Kisima, soko na barabara ya kwenu viko chini ya ofisi gani? Na kura yenu ya mwisho, mliitoa kwa sababu gani?