Kusindikizwa

Kanisani tunaita "uongozi wa kiroho", na jina hilo limenisumbua siku zote. Kiongozi kwetu ni mtu wa meza kuu, anayepigiwa makofi, anayejua njia. Sasa mtu aliyefiwa, au aliyepoteza kazi, ambaye akipiga magoti maneno hayaji, huyo kiongozi wa nini? Neno ninalolipenda mimi ni la njiani: kusindikiza.

Aliyekulia Ngara analijua vizuri. Kuna miaka mabasi yalikuwa hayapiti mapori ya Biharamulo bila askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Askari hakubadilisha barabara. Mashimo yale yale, pori lile lile. Ila alikuwa amepanda na nyinyi.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wengi wakatua Benaco. Nilikuwa mtoto; nakumbuka magodoro vichwani na moshi wa kuni. Mwaka uliofuata JRS, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, likaanzisha Radio Kwizera hapo Ngara. Shirika hilo, alilolianzisha Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, hueleza kazi yake kwa vitenzi vitatu, na cha kwanza ni kusindikiza. Kuhudumia na kutetea vinafuata. Hata jina la redio lilichaguliwa na mtu mwenye sikio. Kwizera, kwa Kirundi na Kinyarwanda, ni kuamini na kutumaini kwa pamoja. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua.

Mwaka ambao mkataba wangu wa redio uliisha Dar, mama naye akafariki. Nikarudi Ngara, nikaanza kwenda Biharamulo kila mwezi kuzungumza na sista mmoja mstaafu. Nilitaka jibu: niuze shamba la migomba la mama nirudi mjini, au nibaki? Hajawahi kunijibu. Anauliza tu: "Mwezi huu, mwanangu, ulipumua wapi? Na wapi ulikabwa?" Nikishaeleza ananyamaza, mpaka nasikia kuku wakiparura uani. Mara ya kwanza nilidhani amesinzia. Redioni ukimya wa namna ile tungeukata wote.

Siku niliyombana sana alinipa kanuni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: roho ikiwa gizani, usitengue uliyoyaamua ikiwa na mwanga. Nikamwambia, "Sista, mimi sikuwa nimeamua chochote." Akacheka.

"Basi huna cha kutengua. Kaa kwanza."

Nikaenda kuisoma upya Luka 24, wale wawili wa njia ya Emau. Mgeni anayeungana nao haanzi na mafundisho. Anauliza wanazungumza nini, kisha anawaacha wamwage yote, pamoja na lile linaloniuma kila nikilisoma: kwamba wanalitaja tumaini lao kwa wakati uliopita. Karipio lipo, na Maandiko yanafunguliwa, lakini baadaye. Na wanamtambua wakiwa wameshafika, mezani, mkate ukimegwa.

Shamba bado lipo. Kaka anapiga simu kila Jumapili akitaka kujua mnunuzi ajibiwe nini. Alhamisi napanda basi la Biharamulo.