Barabara Kwanza, Nyumba Baadaye

Ukijitambulisha hapa chuoni kwamba unatoka Tanga, jiandae kusikia mambo matatu: mahaba, baiskeli, na ule msemo wa "waja leo, waondoka leo". Nimeshazoea, nacheka tu. Swali ambalo hakuna mtu amewahi kuniuliza ndilo ninalolipenda zaidi: kwa nini ni vigumu mtu kupotea Ngamiani?

Jibu ni rahisi. Barabara za Ngamiani zimepewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya 21. Zimenyooka kama mistari ya daftari. Mgeni akiambiwa nyumba iko barabara ya 12, anahesabu tu mpaka anafika, hata kama hajui mtu mjini.

Mpangilio huo una asili yake enzi za Wajerumani, na tusidanganyane, haukutokana na mapenzi kwa wenyeji. Mwaka 1893 walianza kujenga reli kutoka Tanga, na ni mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini. Reli ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Walihitaji bandari, reli na watu wa kufanya kazi. Wazungu wakakaa Raskazone, kwenye upepo wa bahari, wenyeji wakawekwa ng'ambo ya reli. Ila kuna jambo moja walilifanya ambalo linatusaidia mpaka leo: nafasi ya barabara ilitengwa kabla nyumba hazijajaa.

Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge. Alikuwa manamba, yaani kibarua aliyejulikana kwa namba. Wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na pesa ya mkonge ndiyo iliyokuwa ikiuendesha mji. Baadaye nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba yakaota vichaka, na baadhi ya viwanda vilivyojengwa baada ya uhuru vikafungwa. Watu wakasema Tanga imelala. Mimi nadhani usingizi ule ulituficha kitu. Mji usiokua kwa kasi hauwezi kujua kama mpango wake wa zamani bado unatosha.

Sasa umeamka. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332, ile ya 2022 ikahesabu 393,429. Bandarini, meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na mizigo inaletwa na matishari. Sasa kina kimechimbwa na meli zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kila habari ya namna hiyo ikitoka, kule pembezoni mtu anauza kiwanja.

Mama alinunua chake nikiwa shule ya msingi. Kilipimwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa thelathini. Wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, basi, kikawa chetu. Jirani naye akanunua hivyohivyo, na jirani wa jirani. Kila mmoja alijenga mpaka mwisho wa hatua zake. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi, ila hakuna aliyeuza wala kununua njia.

Nikiwa field mwaka wa pili, katika shule moja ya huko kwetu, niliwapa wanafunzi kazi ya Jiografia: chora njia kutoka nyumbani hadi shuleni. Wale wa Ngamiani walichora mistari iliyonyooka, wakaandika namba. Wale wa pembezoni walichora kitu kama utumbo: pita kwa mama ntilie, kata kwenye mwembe, ingia uani kwa watu, piga hodi. Mmoja aliandika "hapa kuna mbwa". Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikajiuliza gari la zimamoto lingesoma vipi ramani ile.

Likizo hiyo mtaa wetu uliitisha mkutano wa urasimishaji. Ili viwanja vipimwe na watu wapate hati, ilibidi kila mwenye kiwanja kwenye kile kichochoro aachie mita mbili. Upande wetu, ndani ya mita hizo mbili lilikuwamo jiko la nje la mama. Kwenye jiko hilo ndiko vinapopikwa vitumbua anavyouza alfajiri, na vitumbua ndivyo vinavyonifikisha mwisho wa muhula boom likichelewa. Kwa hiyo mita hizo zilikuwa na bei, na mimi naijua.

Mzee mmoja, jirani yetu, alisimama akasema, "Mimi nimenunua kwa jasho langu, sitoi hata sentimita. Barabara ipite kwingine." Watu wengine walipiga makofi. Mama akaomba nafasi. Akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Mwaka jana binti yako alishikwa na uchungu usiku, tukambeba kwenye kitanda mpaka barabara kubwa kwa sababu bajaji haipiti. Nilishika mguu mmoja wa kitanda kile. Mimi jiko langu nitalivunja."

Akalivunja kweli, wiki ileile. Siku hizi anapikia barazani, na mvua ikinyesha kwa upepo hauzi. Mzee hajasogeza ukuta wake. Kichochoro kimepanuka kuanzia kwetu, kinafika kwake kinabanwa, na bajaji bado haipiti. Simlaumu sana, maana ukuta ule ndio mali pekee atakayowaachia wanawe. Lakini mama ametoa mita mbili, na bado hajapata barabara. Hayo ndiyo maumivu ya kupanga mji watu wakiwa wameshajenga: mmoja akikataa, sadaka ya wengine inakaa bure.

Kuna upande ambapo jiji limejifunza kutangulia. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji. Kukopa leo ili maji yafike kwa watu wanaoongezeka ni akili ileile ya kutenga barabara mapema, safari hii kwa ajili yetu wenyewe. Natamani ardhi nayo ingepewa akili hiyo: pima, tenga njia, shule na zahanati, ndipo uza.

Wana, wengi wetu tukimaliza hapa tutanunua viwanja pembezoni, maana ndivyo tutakavyovimudu. Kabla hujatoa pesa, uliza njia iko wapi kwenye ramani, wala si kwenye maneno ya dalali. Na mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, hata mpangaji. Chaguzi za humu chuoni tunazikesha, lakini ni wangapi tunamjua mwenyekiti wa mtaa tunakopanga? Wanaokwenda kwenye mikutano ile ni wazee na akina mama. Wao ndio wanaoamua bajaji ya mwanao itapita wapi.