Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima

Mwaka 1888 Samuel Gee, tabibu wa London, aliwaeleza watoto waliokonda kwa kuhara huku matumbo yamevimba, akasema kwamba kama ugonjwa huo una tiba, basi ipo kwenye chakula. Chakula gani, hakujua. Hata mkate mwembamba uliochomwa aliuruhusu. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaleta mlo wa ndizi. Watoto wengi walipata nafuu, ndizi zikasifiwa kwa miaka mingi, ilhali kilichowafaa ni kile walichoacha kula. Jibu lilitoka Uholanzi. Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, alianza kuushuku mkate kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na husimuliwa kwamba aliyemfumbua macho ni mama mmoja aliyeona mwanawe hupata nafuu kila akiacha kuula. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate uliadimika, na watoto hao wakatengemaa wakati watu wengine wakidhoofika. Uliporudi, nao wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke akaandika tasnifu yake, na baadaye ikathibitishwa kuwa tatizo ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, ambayo jamaa zake hupatikana kwenye shayiri na rai.

Kila nikiipitia kumbukumbu hii naona jambo moja: tiba ya siliaki, kama ugonjwa huo unavyoitwa, haijawahi kuwa ya mgonjwa peke yake. Ni tiba ya jiko, na jiko ni la wote. Ndiyo maana napinga desturi ya kumtengea mtoto mgonjwa sahani yake huku nyumba ikiendelea kama kawaida. Miligramu 50 za gluteni kwa siku, yaani chembe tu ya mkate, zimeonekana kuuharibu utumbo mwembamba zikiliwa kwa miezi kadhaa. Kiasi hicho hupita kwa urahisi kwenye mafuta yaliyokaangiwa maandazi kabla ya viazi, kwenye kibao kilichosukumiwa chapati, au kwenye unga wa lishe uliochanganywa na ngano. Tena ugonjwa huu hufuata damu: kwa wastani, takriban mmoja kati ya kumi ya wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa huwa nao pia, mara nyingi bila kujua.

Wapo wanaosema kuacha gluteni ni mtindo wa wenye nacho. Ni kweli wengi huacha ngano bila kupimwa, na hilo lina madhara: ukiiacha kabla ya kipimo cha damu, majibu yanaweza kukudanganya. Basi mtoto apimwe kwanza, ndipo jiko libadilike. Wengine huuliza kwa nini watoto wazima wanyimwe chapati kwa ajili ya mmoja. Pingamizi hili nalipa uzito, maana chapati na mahamri ni furaha ya sikukuu, na mikate maalumu ya madukani ni ghali mno. Lakini jiko letu la pwani halikuanza na ngano. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele. Ugali wa mahindi au mtama, uji wa ulezi, muhogo wa nazi na mbaazi havina gluteni, mradi unga usipite kwenye mashine inayosaga ngano. Mwenye kutaka chapati ailie nje ya nyumba, na anawe mikono kabla ya kushika mwiko.