Chombo cha Angani na Tone la Gundi



Wiki hii, ndugu zetu, tumeazimia kuwasimulia kosa tulilolitenda nyumbani kwetu wenyewe, mbele ya mtoto wa miaka minane. Anayesimama mimbarini kuwahimiza wazazi juu ya malezi yampasa naye siku moja ajihesabu.

Mtoto huyo ni mjukuu wetu, na baba yake anafanya kazi Doha. Miezi kadhaa iliyopita alimletea, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akirejea Mombasa, sanduku la vipande vya plastiki vya kuunda chombo cha angani. Chombo chenyewe ni Millennium Falcon, kilichoonekana mara ya kwanza mwaka 1977 katika Star Wars, filamu ya Mmarekani George Lucas. Umbo lake ni mviringo kama sinia la biriani, mbele kina pembe mbili, na chumba cha rubani kimejitokeza ubavuni. Baba aliahidi kwamba wangekiunda pamoja akija kwa Idi. Idi ikafika, ruhusa ya kazini haikupatikana. Sanduku likabaki uvunguni mwa kitanda, na mtoto hakutaka liguswe.

Twakiri kwamba mwanzoni sanduku hilo halikutupendeza. Tulijiuliza, mtoto wa chuoni ana haja gani na vyombo vya kubuni viendavyo kwenye nyota za kubuni? Kisha tukaikumbuka habari aliyoipokea Imamu Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alikuwa amerejea safarini, upepo ukafunua pazia la Bi Aisha (R.A.), zikaonekana sanamu zake za kuchezea, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alipouliza habari za farasi mwenye mbawa, Bi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.). Mtume hakukemea, bali alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Ikiwa farasi wa mbawa alipata nafasi katika nyumba ile tukufu, sisi ni nani hata tukifukuze chombo cha plastiki?

Tena sisi watu wa Pwani hatuna haki ya kuyaona mambo ya anga kuwa ni ya wageni peke yao. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988. Moja yao, tarehe 12 Desemba 1970, ilipeleka juu setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya taifa letu, setilaiti ikaitwa Uhuru. Na mwezi wa Aprili mwaka 2023, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilibebwa na roketi iitwayo Falcon 9, ambayo jina lake limetokana na chombo hichohicho cha filamu. Lililokuwa mchezo kwa kizazi kimoja limekuwa kazi kwa kizazi kingine.

Basi alasiri moja tukalivuta sanduku, tukamwita mtoto, akaja kwa kusitasita.

Kwa asiyekijua kifaa hiki, vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki, kila kimoja kikiwa na namba yake pembeni. Hukatwa kwa kikata kucha, kisha kijiti cha kipande kimoja huingizwa katika tundu la kingine, vikabanana. Mtepe wa wazee wetu wa Lamu ulishonwa kwa kamba bila ya msumari wa chuma. Chombo hiki nacho hakihitaji gundi.

Sisi tulikuwa na haraka. Tuliona ni kazi ya saa moja, iishe tukaendelee na mengine. Tukavikata vipande vyote kwa pamoja, na kumbe namba zimeandikwa kwenye fremu, si kwenye vipande. Tukabaki na rundo lisilo na majina. Mtoto aliponyoosha mkono, tukamwambia, "Ngoja kwanza." Akanyoosha tena, tukamwambia vivyo hivyo. Mwishoni tukakisukuma kipande kwa nguvu hali kimepinduka, na kijiti chake kikavunjika.

"Babu, umekivunja," akasema. Hakulia. Aliinuka, akaenda kuketi barazani.

Mama yake alikuwa jikoni, akiyasikia yote. Akatujia, akasema kwa adabu: "Baba, mtoto ameketi nawe saa nzima, hajashika kipande hata kimoja."

Maneno hayo tulilala nayo, na usingizi haukuwa mtamu. Tuliona kwamba mtoto yule alikuwa amevunjiwa ahadi mara mbili: na masafa, kisha na sisi tuliokuwa karibu. Na baba wa Doha ana udhuru. Sisi tulikuwa na udhuru gani?

Baada ya sala ya alfajiri tukamwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mtu wa makamo yetu, aliyezoea kuombwa radhi yeye. Mtoto akafikiri kidogo, akajibu: "Basi leo wewe ushike, mimi nibane."

Ikawa hivyo kwa alasiri tatu. Yeye aliisoma michoro na kuvitambua vipande kwa maumbo yao, sisi tukashika. Na mikono yake ilipokuwa kazini, ulimi nao ukafunguka. Alisimulia ya chuoni, ya baba yake, na akauliza: "Babu, walio humu ndani huelekea kibla gani?" Tukamweleza kwamba mwaka 2007, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alisafiri kwenda kituo cha angani, na wanavyuoni wa nchi yake wakaandaa mwongozo: aelekee Al-Kaaba akiweza, akishindwa, aelekee ardhi, akishindwa, popote awezapo. Akatikisa kichwa, akakibana chumba cha rubani mahali pake.

Kile kipande tulichokivunja hakikuwa na njia ila kutiwa gundi. Tone likavuja, likaacha doa la manjano chini ya ubavu.

Usiku wa Ijumaa baba yake akapiga simu ya video. Mtoto akakigeuzageuza chombo mbele ya kioo cha simu, baba akasifu kila upande, kisha akauliza: "Na hilo doa je?"

Sisi tulikuwa kando, tumeinamisha macho. Mtoto akajibu: "Hapo tulikosea, tukapatengeneza."

Ndugu zetu, akina mama na akina baba, mtoto akileta kazi yake, mwachieni mikono yake ifanye. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe subira kwa wadogo wetu, na awarejeshe salama walio mbali. Amin.