Nyumba Inayopimwa kwa Milimita

Barua kutoka Liège

Ndugu zangu wa Panda, nanyi wa Kikula, Shituru na Likasi mjini,

Tumehama. Najua habari imenitangulia, maana simu ya shangazi ina mbio kuliko barua yangu, na najua imefika ikiwa imepindapinda: eti nimeuza nyumba, nimehamia mtoni kama mvuvi wa ziwa Tshangalele. Hilo neno "kuuza" ndilo lililoleta vurugu. Kwetu Katanga kuuza ni kununua, na mtu akitoa mali yake anauzisha. Habari ilipopita kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam, akaangua kilio kwamba nimefilisika. Jamani, sikuuzisha kitu. Miaka 11 nilikuwa mpangaji ghorofa ya tatu, ningeuzisha nini? Nimenunua. Na nilichonunua ni tishari.

Huku huliita penishi: mashua ya chuma ya kubeba mizigo mitoni, bapa chini, ndefu kama mabehewa mawili. Yangu ina urefu wa mita 38 na nusu, upana mita 5 na kitu. Vipimo hivyo havikuja kwa bahati. Mwaka 1879 waziri mmoja wa Ufaransa, Charles de Freycinet, alipitisha sheria kwamba malango ya maji kwenye mifereji mikuu yawe na kipimo kimoja, mita 39 kwa 5.20. Tangu hapo mafundi wakawa wanaunda chombo kinachojaa ndani ya lango kama mguu ndani ya kiatu. Pale palipokuwa panamwagwa makaa ya mawe na ngano, leo pana vyumba vitatu, jiko la kuni, na meza ambayo watoto wanafanyia kazi za shule.

Yote yalianza na likizo. Tulipanga kwenda kuiona bahari kusini mwa Ufaransa, kama kila mtu. Gari letu ni zee, barabara kuu za Ufaransa zinalipiwa, basi nikasema tufuate mto Meuse polepole, tuupande hadi unakotoka. Tukapita Huy, Namur, Dinant, tukaingia Ufaransa pale Givet, tukaendelea kuelekea Charleville na Verdun. Barabara na mto vinakwenda bega kwa bega, na watoto nyuma wakawa wanahesabu mashua.

Siku ya pili tulisimama kula kando ya lango la maji. Tulikuwa na mkate na samaki tomsoni wa kukaanga tuliotoka nao nyumbani. Mara penishi ikaingia. Mwanamke wa makamo akarusha kamba, ikatua kwenye nguzo mara moja tu, kama mtu anayetundika kofia. Milango ikafungwa nyuma yao, maji yakaanza kuingia, na kile chombo kikapanda taratibu mbele ya macho yetu. Kwanza tuliona paa, halafu madirisha yenye mapazia, halafu nguo za mtoto kwenye kamba, miche ya nyanya ndani ya ndoo, na mbwa amelala. Mama watoto akaacha kutafuna. Akasema, "Ile si mashua. Ile ni nyumba."

Baharini hatukufika. Tulifika Saint-Jean-de-Losne, mji mdogo kwenye mto Saône, pale unapoanzia mfereji wa Burgundy. Pana bandari ya ndani iliyojaa mashua, na nyingi zina kibao cha "inauzwa". Tulipanga kulala usiku mmoja. Tulilala sita.

Nikampigia baba kumwambia nataka kununua penishi. Mnamfahamu: miaka yake yote ya kazi ilikuwa pale Ateliers Centraux de Panda, fundi wa kuunga chuma, suderi. Nilitegemea aulize bei, au aniulize kama nimerukwa na akili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Ile chuma iko na milimita ngapi?"

Sikujua. Akakata simu. Akapiga tena baadaye, sauti imetulia: "Papa, usilipe hata franka moja mbele ya kupima. Kwenye maji na hewa vinakutana, pale ndio kutu inakulaka sana. Na chini ya injini."

Kumbe mzee aliyekulia mbali na bahari kila upande alikuwa amesema lile lile ambalo wakaguzi husema. Penishi haipimwi kwa vyumba wala kwa mita za mraba. Inapandishwa nchi kavu, mkaguzi anapita ubavuni na kifaa kinachotuma mlio ndani ya bamba na kusoma unene wake, kisha anaandika namba kwa chaki: 6.1, 5.8, 6.0. Bamba likiwa jembamba kupita kiasi, hakuna kampuni ya bima itakayokupokea mpaka uongeze jingine. Baba akadai nipige nyundo huku simu ipo wazi. Fikirini: mimi nimeinama chini ya tumbo la tishari huko Burgundy, nagonga, na mzee amekaa chini ya mwembe wake Panda, simu sikioni, anawanyamazisha wajukuu. Ngo. Ngo. "Hapo ni nzima." Ngo. "Hapo pamekufa." Mara mbili alikosea. Mara ya tatu, upande wa kulia karibu na injini, mkaguzi aliandika 3.9. Pakawekwa bamba jipya. Baba akadai video ya fundi akiunga, akaitazama, akasema, "Huyu anakimbiaka, lakini anajua."

Benki ilikuwa mlima mwingine. Kwao nyumba ni kitu kisichohama, na kitu kinachoweza kuondoka usiku bila kuaga hawakikopeshi kwa moyo mkunjufu. Nilizungushwa kwenye ofisi tatu kabla ya mkopo kupatikana, tena wa muda mfupi na riba isiyo na huruma. Mama watoto naye, pamoja na kwamba yeye ndiye aliyeiita penishi nyumba, aliogopa maji. Nikamkumbusha Julai 2021, mvua zilipofurisha mto Vesdre hapa jirani, ukabomoa nyumba za mawe zilizosimama tangu enzi za mababu. Msingi haukuziokoa. Chombo, maji yakipanda, nacho hupanda. Akanijibu kwamba nyumba ya mawe haina kamba ya kukatika. Ana haki. Ndiyo maana kila jioni anazikagua kamba yeye mwenyewe.

Kuileta penishi Liège kulichukua karibu mwezi. Chombo cha urefu ule kinahitaji leseni, nami sina, basi tukamwajiri mzee mmoja mstaafu aliyezaliwa ndani ya penishi. Mfereji wa Vosges peke yake una malango 93, na mwendo wetu ulikuwa kilomita 6 kwa saa: mtu akikimbia ukingoni anakuacha. Nikiwa nimeshika kamba nilikuwa nikiwaza shaba yetu. Tangu reli ilipofika bandari ya Ilebo mwaka 1928, shaba ya Katanga ilipakiwa kwenye treni hadi pale, ikashushwa kwenye matishari, ikateremka mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, ikapanda treni tena hadi Matadi, ndipo ikaingia meli ya Antwerp. Tulipokuwa watoto tulihesabu mabehewa yakiondoka Likasi bila kujua kwamba sehemu ya safari ile ilikuwa ya kuelea. Mimi nimekuja kuielewa mkononi, kwa malengelenge ya kamba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Nyumba tulimozaliwa ilikuwa nzuri: matofali, ukuta mweupe, bomba uani, namba nyeusi juu ya mlango. Tangu miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilikuwa imeona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto kando yake hakimbii kazi, ikajenga kambi, ikatoa posho, hospitali na shule. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines, utaratibu ukaendelea. Kioo kikivunjika, uliandikisha, akaja fundi. Baba, aliyeweza kuunga chuma chochote, hakuwahi kutengeneza kitasa cha mlango wake mwenyewe. Na hatukusema "nyumba yetu". Tulisema "nyumba ya kazi". Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, mtaa mzima ulianza kujifunza, kwa mvi kichwani, nani hupanda juu bati likitoboka. Nakumbuka siku baba alipopanda mara ya kwanza. Alishuka ana vumbi hadi kwenye kope, anacheka. Kwa hesabu yangu, siku ile ndipo nyumba ilipokuwa yetu, makaratasi yaseme yatakavyo.

Hapa Liège maji si yangu, ni ya serikali. Ukingo nimepewa kwa kibali, na kibali kina tarehe ya mwisho. Shamba sina, ua sina. Lakini ile namba 3.9 naijua ilipokuwa, na bamba jipya nimelipaka rangi kwa mkono wangu. Nilipomweleza baba hofu yangu ya kibali, alisema neno moja: "Nyumba yako ni ile unajua kwenye itaharibikia."

Wiki iliyopita alikuja askari wa mtaa kuhakikisha kwamba kweli tunaishi hapa. Huku ndivyo ilivyo, kila anayehama hukaguliwa. Akasimama ukingoni na karatasi yake. "Namba ya nyumba?" Nikamwambia haina namba, ina jina. Akainama kulisoma, akatabasamu, akauliza kwa nini tumemuenzi yule mnyama wa China, mweusi kwa mweupe. Majirani wote wanadhani hivyo hivyo, na mwanangu mdogo, msaliti, ameshachora dubu kando ya herufi.

Ninyi mtasoma sawasawa. Mkija, msitafute kengele wala msibishe hodi. Tazameni ubavuni mwa tishari, herufi nyeupe tano, mfanye kama zinavyosema: Panda.

Wenu wa mtoni.